Jack Miner: Mwindaji aliyegeuka mlezi wa ndege wahamaji

KILA mwaka mwezi wa Oktoba unapoingia, anga ya ufuo wa kaskazini wa Ziwa Erie nchini Kanada hugeuka njia kuu ya ndege. Makundi ya mabata bukini hujitokeza kutoka kaskazini yakiwa yamejipanga mfano wa kichwa cha mshale, milio yao ikisikika hata kabla ya wenyewe kuonekana.

Karibu na mji mdogo wa Kingsville, mkoani Ontario, mengi ya makundi hayo hupunguza mwendo, huzunguka mara mbili tatu, kisha hutua katika mabwawa ya shamba moja. Hapo hula, hupumzika na kukusanya nguvu kabla ya kuendelea na safari ya kusini kuukwepa ukali wa baridi.

Mazoea hayo yana asili yake. Yalianza mwaka wa 1904 kwa juhudi za mtu mmoja ambaye hakuwa msomi wala mtaalamu wa ndege. Alikuwa mfyatuaji matofali, na kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wawindaji hodari zaidi katika eneo hilo. Jina lake lilikuwa John Thomas Miner, ingawa ulimwengu ulimfahamu kwa jina la Jack Miner.

Wahenga walinena kuwa adui wa mtu ni mtu. Miner aligundua kwamba hata ndege hulijua jambo hilo, na ugunduzi huo ndio uliobadilisha maisha yake.

Ufuo wenye baraka

Ziwa Erie ni mojawapo ya maziwa makuu matano ya Amerika Kaskazini. Ukubwa wake ni takriban kilomita mraba 25,700, yaani zaidi ya thuluthi moja ya Ziwa Victoria. Ufuo wake wa kaskazini uko Kanada, ilhali ule wa kusini uko Marekani.

Kwa ndege wanaosafiri, ziwa hilo ni neema na kikwazo kwa pamoja. Wale wa majini hupata humo mahali pa kutua na kujilisha. Ndege wadogo wa misituni hulazimika kulivuka usiku kwa pumzi moja, na ndiyo sababu hukusanyika kwa wingi katika rasi ya Point Pelee, ambayo ni ncha ya kusini kabisa ya bara la Kanada, wakisubiri upepo mwema.

Kingsville iko magharibi mwa rasi hiyo, kwenye ufuo uo huo. Mtu aliyeishi hapo mwishoni mwa karne ya 19 hakuhitaji darubini kuona uhamaji wa ndege. Alihitaji tu kuinua macho.

Wengi wa walioinua macho yao nyakati hizo, hata hivyo, waliinua pia mitutu ya bunduki.

Utoto wa dhiki

Miner alizaliwa tarehe 10 Aprili, 1865 katika kijiji cha Dover Center, jimbo la Ohio nchini Marekani, upande wa pili wa ziwa. Alikuwa mmoja wa watoto kumi. Jamaa yake haikuwa na mali, na masomo yalikuwa anasa ambayo haikuimudu. Muda aliokaa darasani ulihesabika kwa miezi, si kwa miaka.

Mnamo 1878, Jack akiwa na umri wa miaka 13, wazazi wake walihamia Kanada na kuanza maisha mapya viungani mwa Kingsville. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa bado msitu na kinamasi. Kijana huyo alijifunza kusoma nyayo za wanyama kabla ya kujua kusoma herufi.

Jamaa hiyo iliingia katika kazi ya kuchimba udongo, kufyatua matofali na kutengeneza mabomba ya udongo ya kutolea maji mashambani. Kazi hiyo ilikuwa ya sulubu na mapato yake hayakutosha. Katika miaka ya 1880, Jack na kakake Ted walianza kuwinda na kutega ili kujazia pato la nyumbani, wakipeleka sokoni walichokipata.

Katika siku hizo biashara ya nyama ya mwituni ilikuwa halali na yenye faida. Bata, kware na mabata bukini waliuzwa mijini kwa wingi. Sheria za kudhibiti uwindaji zilikuwa chache na wa kuzitekeleza walikuwa wachache zaidi. Hakuna aliyemwona Miner kuwa mkosaji. Kinyume chake, ustadi wake wa kulenga shabaha ulimpa heshima miongoni mwa wenzake, na watu wa mbali walianza kumwomba awaongoze katika safari za uwindaji.

Mnamo 1888 alimwoa Laona Wigle, binti wa jamaa iliyokuwa na mizizi katika eneo hilo. Wawili hao walijenga maisha yao kwenye shamba lilo hilo ambalo baadaye lingepata umaarufu.

Msiba msituni

Mwaka wa 1898 ulikuja na pigo ambalo Miner hakulisahau. Ted, kakake na mwandani wake wa tangu utotoni, alifariki katika ajali wakati wa safari ya uwindaji. Bunduki iliyokuwa chanzo cha riziki na fahari ya ndugu hao ndiyo iliyowatenganisha.

Jack alikuwa na umri wa miaka 33 na bado hakuweza kusoma wala kuandika. Baada ya msiba huo alizidi kushikamana na kanisa, akaombwa kuwafundisha wavulana katika shule ya Jumapili. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwalimu akawa mwanafunzi, nao wavulana wakamsaidia kuitambua herufi moja baada ya nyingine katika Biblia.

Mtu aliyekuja kuandika vitabu na kuhutubia maelfu alianza safari yake ya elimu namna hiyo, akiwa mtu mzima mwenye watoto, bila kuona haya kusahihishwa na vijana wadogo.

Haitakuwa kweli kudai kwamba Miner aliitupa bunduki siku hiyo. Badiliko lake lilikuja polepole. Dalili za kwanza zilionekana katika majira ya baridi kali, alipoona kware wakifa kwa njaa theluji ilipofunika ardhi. Alianza kuwajengea vibanda vya matawi na kuwamwagia nafaka. Baadaye aliwafuga pia ndege aina ya pheasant na kuwaachilia porini.

Ndege waliomtambua adui

Kilichomsukuma kupiga hatua kubwa zaidi ni jambo aliloliona alipokuwa akifanya kazi, ambalo alilisimulia mara nyingi baadaye. Mabata bukini waliopita juu ya mashamba ya jirani zake waliwapuuza wakulima waliokuwa wakilima chini yao. Walipomwona yeye, walipaza sauti ya kuonyana na kubadilisha mkondo.

Miner alitafakari sana jambo hilo. Ndege hao walikuwa wamemjua. Miongoni mwa binadamu wengi waliokuwa ardhini, walimtenga yeye kama adui na wakapashana habari.

Mtu mwingine angeudhika, au angejisifu. Miner alijiuliza swali: iwapo ndege wana akili ya kumtambua adui, mbona wasiwe na akili ya kumtambua rafiki? Swali hilo jepesi ndilo lililozaa kila alichokifanya kwa miaka 40 iliyofuata.

Mnamo 1904 alichimba bwawa shambani mwake na kuweka humo mabata bukini saba waliokuwa wamepunguzwa manyoya ya mabawa ili wasiruke. Matumaini yake yalikuwa kwamba wale wa mwituni wangewaona wenzao wakiwa salama na kushawishika kutua.

Wawindaji wa zama hizo walikuwa na desturi ya kutumia ndege hai kama chambo cha kuwavuta wenzao kwenye mauti. Miner aliichukua mbinu iyo hiyo na kuipindua, chambo kikawa mwaliko.

Kicheko cha majirani

Msimu wa majani kupukutika ulifika na kupita. Makundi yalikatiza angani bila kushuka. Mwaka wa pili mambo yakawa yale yale, na wa tatu pia.

Majirani waliangua kicheko. Kwao, kumwona mwindaji mashuhuri akikaa kando ya dimbwi la udongo na kuwalisha mabata saba mahindi, akisubiri wengine waje kumtembelea, kulikuwa kioja. Wapo waliodhani kwamba amerukwa na akili. Miner hakujibu kitu, na wala hakuacha kumwaga mahindi.

Mvumilivu hula mbivu. Mnamo 1908, miaka minne baada ya bwawa kuchimbwa, kundi la mabata bukini 11 wa mwituni lilitua.

Idadi hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilitosha. Mabata bukini huishi miaka mingi, husafiri kwa jamaa, na watoto hufunzwa njia na wazazi wao katika safari ya kwanza. Kituo kinachopatikana kuwa salama na chenye chakula hukaririwa na kurithishwa. Waliokuja mwaka huo walirejea mwaka uliofuata wakiandamana na wengine.

Kufikia 1911 ndege walikuwa wakifika kwa wingi hivi kwamba Miner alilazimika kupanua bwawa. Mnamo 1913 shamba lote lilikuwa limegeuzwa hifadhi. Serikali ya mkoa wa Ontario ilimpa msaada wa fedha, naye akapanda miti na vichaka vya kukinga upepo na kuchimba mabwawa zaidi.

Gharama hazikuwa haba. Maelfu ya mabata wenye njaa humaliza mahindi kwa kasi ambayo mkulima yeyote anaweza kuikisia. Miner alitumia mapato ya kiwanda chake cha matofali, na baadaye malipo ya mihadhara yake, kununua nafaka ambayo hakuna binadamu angeila.

Pete yenye anwani

Ndege walipozoea kuja, swali jingine lilimsumbua Miner. Walitoka wapi, na walipoondoka walielekea wapi? Watu wa ufuo huo walijua tu kwamba huja kutoka kaskazini na kwenda kusini. Zaidi ya hapo, hakuna aliyekuwa na uhakika.

Agosti 1909 alichukua kipande cha alumini, akagonga juu yake anwani yake kwa mkono, na kukifunga kwenye mguu wa bata mmoja wa mwituni. Kisha akamwachilia.

Januari 1910 taarifa ilifika Kingsville. Bata huyo alikuwa amepigwa risasi katika eneo la Anderson, South Carolina, zaidi ya kilomita 800 kusini. Aliyempata alikuwa daktari, naye alipoiona anwani kwenye pete aliamua kumwandikia mwenyewe.

Yafaa kuweka mambo wazi. Miner hakuwa mwasisi wa mbinu hiyo duniani. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za chuma kwa utaratibu maalumu mnamo 1899, na watafiti wa Marekani walikuwa wameijaribu kabla ya 1909. Hata hivyo, Miner alikuwa miongoni mwa watangulizi katika Amerika Kaskazini, na jibu alilopata kutoka South Carolina ni miongoni mwa kumbukumbu kamili za mapema zaidi barani humo: ndege aliyejulikana alikovishwa pete, lini, na alikopatikana.

Kuwanasa mabata bukini kulikuwa kugumu zaidi, kwani ni ndege wenye hadhari kubwa. Ilimchukua Miner miaka kadhaa kubuni mitego ya nyavu ambayo ingewafungia wengi kwa pamoja bila kuwadhuru. Mnamo 1915 alifaulu.

Kufikia wakati huo alikuwa ameongeza kitu kingine kwenye pete zake. Upande mmoja ulikuwa na anwani, na upande wa pili ulikuwa na aya fupi ya Biblia. Kwa mtu aliyejifunza kusoma kupitia kitabu hicho, hatua hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa.

Barua kutoka kaskazini

Majibu yalianza kumiminika kutoka pande mbili. Kusini yalitoka kwa wawindaji wa majimbo ya Marekani. Kaskazini yalitoka mbali zaidi, katika maeneo ya Ghuba ya Hudson, ambako mabata bukini hutaga na kulea vifaranga vyao.

Huko wenyeji wa jamii za Wacree na Wainuit waliwawinda ndege hao kwa ajili ya chakula kila majira ya kuchipua, kama walivyofanya mababu zao. Walipokuta pete zenye maandishi, waliwapelekea wamisionari na wafanyabiashara wa manyoya, nao wakazituma Kingsville. Pete nyingine zilisafiri kwa miezi mingi kabla ya kufika.

Miner aliziweka pete hizo pamoja na kuchora njia za ndege kwenye ramani. Ilibainika kwamba bata bukini mmoja angeweza kuzaliwa penye barafu, kupumzika Ontario na kumalizia majira ya baridi penye mashamba ya kusini, akivuka mipaka ya mataifa mawili bila kuuliza ruhusa.

Umuhimu wa jambo hilo ulikuwa mkubwa kuliko udadisi wa mtu mmoja. Iwapo ndege ni wale wale, basi Kanada ikiwalinda ilhali Marekani inawamaliza, au Marekani ikiwalinda ilhali Kanada inawamaliza, kazi inakuwa bure.

Hofu ya kuwamaliza haikuwa ya kubuni. Tarehe 1 Septemba, 1914, Martha, njiwa wa mwisho wa aina iliyoitwa njiwa wahamaji, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, jimboni Ohio alikozaliwa Miner. Wakati Miner alipokuwa mtoto, njiwa hao walikuwa bado wakiruka kwa makundi makubwa ajabu. Katika umri wa mtu mmoja, walikuwa wametoweka kabisa.

Mnamo 1916, Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, ziliafikiana kuhusu ulinzi wa ndege wahamaji. Kanada ilipitisha sheria yake mwaka wa 1917 na Marekani ikafuata mwaka wa 1918. Mapatano hayo yalikuwa kazi ya watu wengi, wakiwemo wanasayansi na maafisa wa serikali. Mchango wa Miner ulikuwa kuwafanya raia wa kawaida waelewe sababu yake.

Jukwaani

Kwa zaidi ya miongo mitatu, Miner alizunguka Kanada na Marekani akihutubia. Hakuzungumza kama profesa. Alizungumza kama mkulima anayewasimulia majirani mambo ya shambani kwake, kwa mizaha na kwa lugha isiyochujwa, na kumbi zilijaa.

Kitabu chake kuhusu maisha yake na ndege kilichapishwa mnamo 1923, na kilisomwa mno. Wageni walianza kumiminika Kingsville kujionea, akiwemo tajiri wa magari Henry Ford, ambaye viwanda vyake vilikuwa karibu, Detroit, ng'ambo ya mto unaotenganisha mataifa hayo mawili.

Mnamo 1931 marafiki zake walisajili wakfu wenye jina lake nchini Marekani ili kazi isife kwa kukosa fedha, na mnamo 1940 wakfu kama huo ukasajiliwa Kanada. Miner alikataa kutoza kiingilio shambani mwake. Alitaka pawepo angalau mahali pamoja duniani ambapo hakuna pesa zinazobadilishana mikono.

Hakuwahi kupinga uwindaji wote. Alichotaka ni msimu maalumu, idadi yenye kikomo, na mahali ambapo bunduki haisikiki kamwe. Msimamo huo uliwafanya wawindaji wenyewe wamsikilize, kwani aliyezungumza alikuwa mwenzao.

Waliokosa nafasi moyoni mwake

Sifa hizo zote haziwezi kuficha dosari moja kubwa. Upendo wa Miner kwa ndege ulikuwa na mipaka. Aliwagawa viumbe hao katika makundi mawili, wema na waovu, na waovu hakuwahurumia.

Mwewe, bundi na kunguru walikuwa maadui zake. Aliwaona kuwa wezi na wauaji wanaowashambulia ndege aliowapenda. Alibuni mtego mkubwa wa kuwanasa kunguru, akawaua mwewe waliopita juu ya hifadhi yake, na kuwahimiza watu wafanye vivyo hivyo katika mihadhara yake.

Wataalamu walimkosoa wazi. Percy Taverner, aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika makavazi ya taifa jijini Ottawa tangu 1911, aliandika kuwatetea mwewe, akionyesha kwamba aina nyingi hula panya na wadudu waharibifu na hivyo humsaidia mkulima. Nchini Marekani, Rosalie Edge alikwenda mbali zaidi. Mnamo 1934 alilinda mlima mzima huko Pennsylvania ambako watu walizoea kuwaua mwewe kwa mamia kila msimu wa uhamaji.

Miner hakushawishika. Alitumaini alichokiona kwa macho yake kuliko utafiti wa wasomi, na alichokiona ni kifaranga kilichoraruliwa. Ukaidi uleule uliomwezesha kustahimili kicheko cha majirani kwa miaka minne ndio uliomziba masikio wenye ujuzi walipomwonya.

Kinaya ni kwamba ufuo wake ni mojawapo ya njia kuu za mwewe barani humo. Ndege hao huruka kwa kutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, nao hupanda nayo wakizunguka bila kupiga mabawa sana. Juu ya maji mapana hewa hiyo haipatikani. Kwa hivyo wanapofika Ziwa Erie hawalivuki, bali hufuata ufuo wa kaskazini kuelekea magharibi hadi kwenye Mto Detroit, ambapo maji ni membamba.

Tangu miaka ya 1970, watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika kila msimu katika hifadhi ya Holiday Beach, magharibi mwa Kingsville, kuwahesabu mwewe hao. Katika siku njema ya Septemba, makumi ya maelfu ya mwewe wa mabawa mapana hupita wakielekea Amerika Kusini. Wahesabuji hao hutembea katika njia aliyoifungua Miner, ya kustaajabia ndege bila kuwaua, wakiwastaajabia wale wale aliowaua.

Machweo

Mnamo 1943, Mfalme George wa Sita wa Uingereza alimtunuku Miner nishani ya OBE kwa mchango wake katika uhifadhi. Yule mtoto wa Ohio aliyehamia Kanada bila elimu wala mali alikuwa sasa mmoja wa watu mashuhuri zaidi nchini humo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 3 Novemba, 1944, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 79. Ulikuwa msimu ambao mabata bukini huwa wamejaa mabwawani. Kufikia wakati huo, makumi ya maelfu ya bata na mabata bukini walikuwa wamevishwa pete shambani mwake.

Mnamo 1947, bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kutenga wiki ya kitaifa ya wanyamapori kila mwaka, na likachagua wiki ya tarehe 10 Aprili, siku aliyozaliwa Miner. Wanawe, Manly akiwa mstari wa mbele, waliendeleza kazi ya baba yao.

Kuhusu mabata bukini wa Kanada, hali yao imebadilika pakubwa. Katika karne ya 20 sheria za uwindaji, hifadhi na mashamba ya nafaka yaliyozidi kupanuka viliwawezesha kuongezeka, na leo wapo kwa mamilioni. Katika miji mingi wamekuwa kero, wakichafua bustani na viwanja vya michezo. Hilo ni tatizo ambalo Miner, aliyekesha miaka minne akiwasubiri 11 tu, hangeweza kulikisia.

Funzo kwa wengine

Mbinu ya pete imeenea kote duniani, Kenya ikiwemo. Tangu 1969, wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika katika eneo la Ngulia, mbuga ya Tsavo Magharibi, karibu na mwisho wa kila mwaka. Usiku wenye ukungu, ndege wadogo wanaotoka Ulaya na Asia huvutiwa na mwanga wa taa, hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete na kuachiliwa. Baadhi yao wamepatikana baadaye katika Mashariki ya Kati na Urusi.

Siku hizi kuna vyombo vinavyofuatilia ndege kwa setilaiti, lakini kipande cha chuma mguuni hakijaachwa. Bado kinauliza maswali yaleyale aliyouliza mfyatuaji matofali wa Kingsville: umetoka wapi, na unaenda wapi?

Miner hakuwa malaika, na mwewe wa Ziwa Erie wangekuwa mashahidi wa hilo. Lakini alifanya jambo ambalo wawindaji wengi wa zama zake hawakulifanya. Alipogundua kwamba viumbe wanamkimbia, hakuwalaumu wao. Alijitazama yeye, akabadilika, kisha akasubiri kwa subira hadi walipomwamini.

Na kila Oktoba, wajukuu wa wajukuu wa wale 11 wa mwaka wa 1908 bado hushuka.